Msiikate chesisi

Hoja kwamba kuitia Jaguar E-Type umeme ni kuliua gari naikubali nusu tu. Kinachoniumiza si betri, ni msumeno. Fundi anayekata chesisi ili mota na betri zienee ameondoa kitu kisichorudi, na hiyo ni hasara hata gari likikimbia kuliko zamani.

Lakini tazameni Jaguar wenyewe walivyofanya mwaka 2017 walipoionyesha E-Type Zero. Betri ya kilowati-saa 40 ilitengenezwa kwa vipimo na uzito unaokaribiana na ule wa injini yake ya awali, XK ya silinda sita, ikakaa palepale chini ya boneti. Mota ikawekwa nyuma yake, mahali pa giaboksi. Kwa hiyo breki na springi hazikuhitaji kuvurugwa, na gari zima likapungua kilo 46. Mwenye gari akibadili nia, injini inarudi. Huo ndio ufundi ninaouheshimu.

Sauti inapotea, ndiyo, na wapenzi wa Porsche 911 zinazopozwa kwa hewa wana haki ya kuililia. Kwao ipo njia nyingine: kwenye kiwanda cha Haru Oni, kusini mwa Chile, tangu mwishoni mwa 2022 umeme wa upepo unazalisha haidrojeni, inaunganishwa na kaboni dayoksaidi kupata methanoli, kisha petroli inayoweza kutumika katika injini ileile. Nishati nyingi hupotea njiani, kwa hiyo petroli hiyo siitaki kwa magari ya kila siku. Kwa gari linalotoka gereji Jumapili tu, naiunga mkono kabisa.