Uhuru wa Kufa si Haki ya Mtoto

Mwaka 2007 jimbo la Virginia, Marekani, lilipitisha sheria isemayo kwamba mzazi anayekataa mwanawe atibiwe ugonjwa wa kutishia maisha hahesabiwi kuwa amemtelekeza, ilimradi mtoto ametimiza miaka 14, amepevuka kiakili, na wote wawili wamekata shauri pamoja, kwa nia njema, baada ya kuzifikiria tiba nyingine. Sheria hiyo ilishangiliwa kuwa ni ushindi wa uhuru. Ushindi wa nani?

Chanzo chake ni kijana wa miaka 16 aliyeugua Hodgkin, yaani saratani ya tezi za limfu. Dawa kali za hospitali zilimdhoofisha mno, na ugonjwa ukarudi. Alipotakiwa kuzianza upya alikataa, akaenda Tijuana, Mexico, kutafuta mitishamba ya Hoxsey. Dawa hiyo si ngeni. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 1960, na miaka michache baadaye biashara ikahamia ng'ambo ya mpaka, ambako mkono wa sheria hiyo haufiki. Katika ubepari kila kitu kina bei, hata matumaini ya mgonjwa.

Mwaka 2006 hakimu aliamuru kijana apelekwe hospitali. Mahakama iliyo juu yake ikaisimamisha amri hiyo, na hatimaye pande zote zikakubaliana atibiwe na daktari bingwa wa saratani aliyemchagua mwenyewe. Kwa maneno mengine, shauri lilikwisha kwa mazungumzo, na mgonjwa akarudi mikononi mwa daktari. Watunga sheria wa Virginia waliliona hilo, kisha wakatunga sheria ya kuitoa dola katika mazungumzo hayo!

Hofu ya mtoto si jambo la kudhihakiwa. Dawa zile hutapisha, hunyonyoa nywele, huangusha hata mtu mzima. Lakini Mmarekani wa miaka 14 hapigi kura mpaka afikishe 18, wala hauziwi bia mpaka 21. Yaelekea bia yahitaji busara kuliko uhai.

Connecticut ilishika njia nyingine. Januari 2015 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo hilo iliafiki binti wa miaka 17, mwenye ugonjwa huohuo, atibiwe kwa lazima; madaktari walikadiria uwezekano wa kupona kuwa asilimia 85. Binti mwenyewe alieleza kwamba alifungwa kitandani. Waliolaani kufungwa huko walikuwa na haki; dola inayomfunga mtoto ili imponye imeshindwa kusema naye mapema. Hata hivyo katika shauri hilo ilijaliwa angalau kama ugonjwa unatibika. Mtoto ambaye tiba imekwisha kumshinda mara mbili au tatu, na amebakiwa na matumaini haba, anastahili kusikilizwa zaidi akisema imetosha. Sheria ya Virginia haiulizi uwezekano huo. Asilimia 85 na asilimia 5, kwayo ni mamoja.