Kujitolea si Matembezi

Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, Marekani, Agosti 29, 2005, kuta za kuzuia maji zilibomoka, na asilimia 80 hivi ya mji ikagharikishwa. Mwaka 2006 likaanzishwa shirika la St. Bernard Project, lisilotafuta faida, ambalo limewatumia vijana wa kujitolea, wakiwamo wanafunzi, kuzijenga upya nyumba za wananchi.

Huduma hiyo yastahili sifa. Lakini ieleweke kwamba kujitolea si matembezi. Ukuta ukifunikwa kabla mbao zake hazijakauka huota ukungu, ukabomolewa tena, na mwenye nyumba akazidi kungoja. Hivyo mwanafunzi hana budi kukaa chini ya fundi mpaka kazi aijue. Kipimo cha huduma yake si cheti, bali ni familia iliyorudi nyumbani.