Maziwa safi, maziwa machafu bei moja: Nani atajali usafi zizini?

Na Mwandishi Wetu

WATAALAMU wa sekta ya maziwa wamekuwa wakisisitiza kwamba ubora wa maziwa huanzia zizini, si kiwandani. Hoja hiyo ni ya msingi, kwani joto la kusindika huua vijidudu, lakini haliondoi ladha mbaya wala mabaki mengi ya dawa alizotibiwa ng'ombe.

Ushauri wao kwa mfugaji unafahamika. Aoshe na kukausha kiwele kabla ya kukamua, achunguze michirizi ya kwanza ili kubaini ugonjwa wa kiwele, na asiuze maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki hadi muda ulioelekezwa upite. Atumie pia vyombo vya alumini au chuma kisichoshika kutu badala ya madumu ya plastiki, ambayo ni vigumu kuyasugua ndani.

Kisha kuna suala la muda. Katika joto la kawaida la nchi zetu, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu ndani ya nusu saa hivi. Mfugaji aliye mbali na tangi la kupozea anaweza kukamua kwa usafi, lakini maziwa yake yakakataliwa baada ya safari ndefu. Hasara hiyo humwangukia yeye na familia yake.

Hata hivyo, elimu pekee haitoshi. Kiwango cha Afrika Mashariki hugawa maziwa mabichi katika madaraja kwa kuzingatia idadi ya bakteria, lakini katika vituo vingi vya kukusanyia mfugaji hulipwa kwa lita. Laktomita ikishaonyesha kuwa hayakuongezwa maji, na kipimo cha alkoholi kuwa hayajachacha, maziwa yote humiminwa katika tangi moja kwa bei moja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Aliyejitahidi haambulii chochote.

Wapo wanaotaka sheria itumike kwa ukali zaidi. Tanzania ina Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Maziwa. Lakini sehemu kubwa ya maziwa nchini huuzwa nje ya mfumo rasmi. Mfugaji anayekatwa bei kituoni anaweza kumuuzia mchuuzi, na maziwa yale yale yakamfikia mlaji wa mjini bila kupimwa.

Kwa sababu hiyo, nyongeza ya bei kwa maziwa bora ina nafasi kubwa ya kufaulu kuliko adhabu peke yake. Ili iwezekane, maziwa ya kila mfugaji, au ya kikundi kidogo, yapimwe kabla ya kuchanganywa, na vituo vya kupozea visogezwe vijijini. Gharama zipo, na wasindikaji, vyama vya ushirika na serikali hawana budi kuzigawana.

Vinginevyo, mfugaji ataendelea kuhimizwa usafi ambao soko haliulipii, na mlaji atabaki kuchemsha maziwa akiamini kwamba moto huondoa kila kitu.