Msiishie Kinshasa
Jeni ya APOE4 ilihusishwa na ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer mwaka 1993 huko Marekani, lakini Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walipochunguzwa, nguvu yake ilionekana ndogo. Kumbe matokeo ya Marekani pekee hayatutoshi Waafrika; ndiyo maana nafurahia sana kazi ya Dkt. Jean Ikanga, anayepima protini za tau na amiloidi, zinazohusishwa na ugonjwa huo, katika damu ya wazee wa Kinshasa. Ila huku kwetu Nyangwe, mzee akianza kupotea njia ya kurudi toka mto Lualaba, uchawi hutajwa kabla ya ugonjwa. Inaniuma! Watafiti wafike huku kwetu Kasongo na Kabambare pia. Kabla ya sindano za kutoa damu, wawafundishe manesi wa vituo vyetu vya afya dalili za ugonjwa huu, wao ndio wanaoaminiwa na familia.