Hanang Hatukuuteka

Tuliporudi seminarini Jumamosi usiku, picha ilikuwa imetutangulia. Mafrateri tisa kileleni, mikono juu, na chini yake mmoja wetu ameandika: "Tumeuteka Hanang." Pongezi zilimiminika kwenye kundi letu la WhatsApp hadi saa ya ukimya. Hakuna aliyehesabu vichwa. Tuliondoka kumi.

Siku za anga safi mlima huo tunauona kutoka Singida, upande wa mawio, umesimama peke yake. Ni volkano iliyozimika, yenye zaidi ya mita 3,400, na kutoka mjini hadi Katesh chini yake ni zaidi ya kilomita 60 za lami. Sisi tuliozoea tambarare na mawe makubwa ya Singida huutazama tukiwa tunatoka kwenye Masifu ya Asubuhi na kuambiana kwamba siku moja tutaupanda. Mapumziko ya katikati ya muhula yalipofika, Padre mlezi akaruhusu.

Tulianzia Jorodom Ijumaa asubuhi na waongozaji wawili, mzee mmoja na kijana wake. Njia inapita mashambani, inaingia msituni, kisha inainuka kama ngazi isiyo na mwisho. Maji tuliyabeba mgongoni. Jioni tulipiga mahema, tukasali Masifu ya Jioni huku meno yakigongana, na hapo ndipo mwenzetu mmoja alipoanza kulalamika kichwa. Ugali hakuugusa. Baadaye kidogo akatapika.

Yule mzee alituuliza swali moja tu: "Kesho mnapanda wote, au kuna wanaobaki naye?" Mgonjwa mwenyewe akawahi kusema tusimharibie safari, twende. Tukalipokea jibu lake haraka mno. Saa tisa usiku tuliwasha tochi tukaondoka na mzee, tukamwacha hemani na kijana.

Mgongo wa Hanang unadanganya. Unafika mahali unadhani ndipo juu, kumbe kuna pengine mbele yake, na nyuma yake tena pengine. Kulipopambazuka tuliliona Ziwa Balangida chini likimeta, na hatimaye tukasimama kileleni. Simu zikashika mtandao. Ujumbe wa kwanza kuingia ulitoka kwa yule kijana: mgonjwa amezidiwa, tunashuka naye. Tuliusoma. Kisha tukapiga picha.

Mpangilio huo ndio unaotufanya tuandike. Baadhi yetu bado wanasema hatukukosa: dawa ya maradhi ya mwinuko ni kushuka, kijana alilijua hilo kuliko sisi, na mafrateri tisa wasingeongeza kitu. Ni kweli kwamba tusingemtibu. Lakini wawili wangeweza kubaki, hema lilikuwa na nafasi. Muhula huu tumemsoma Aristotle akieleza kwamba ushujaa unakaa kati ya woga na ujasiri wa kijinga, na kwenye mtihani tumemjibu vizuri. Usiku ule woga wetu haukuwa wa mlima. Tuliogopa kurudi bila picha.

Wapo watakaotukumbusha Pier Giorgio Frassati, mpanda milima wa Turin aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Tunampenda, na picha yake iko bwenini kwetu. Ila alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, na hakuanguka mlimani. Aliuawa na polio, inayosadikiwa kwamba aliipata kwa maskini wagonjwa aliokuwa akiwatembelea. Nusu hiyo ya maisha yake haionekani kwenye picha ya bwenini.

Na neno "kuteka" lenyewe linatukera zaidi tukiikumbuka Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Wakati wa kushuka tulimuuliza mzee kuhusu siku ile. Alinyoosha fimbo kuelekea bondeni, akakaa kimya, kisha akatuambia tuangalie tunapokanyaga. Mtu wa hapo hawezi kusema ameuteka Hanang.

Tunajua wapo walezi wanaoona matembezi haya ni gharama isiyo ya lazima, na kisa chetu kinaweza kuwapa sababu ya kuyafuta. Tunaomba yasifutwe. Tunapendekeza tu kwamba kabla ya kupanda gari kundi likubaliane: mwendo ni wa yule wa mwisho, na akishuka mmoja, wawili wanashuka naye, hata kilele kikiwa kinaonekana. Pia Misa ya siku hiyo iadhimishwe Katesh, pamoja na watu wa pale, kabla ya kugusa mlima.

Ile picha tumeiondoa.

Mwenzetu tulimkuta Katesh saa nane mchana, kwenye benchi nje ya mgahawa, akinywa chai ya maziwa na yule kijana aliyembebea begi gizani. Alikuwa amepata nafuu. Alitusogezea nafasi kwenye benchi, akauliza kama huko juu kulikuwa na baridi.