Mashua Huvuja Wapi?
Wapo wasomaji wetu wa Kaloleni na Makongeni wapelekao fedha kwao, kando ya Ziwa Victoria, ili mashua ya jamaa itengenezwe. Ndugu, kabla ya kulipia mbao mpya, agiza kwanza tundu litafutwe. Maji yaliyotuama ngamani hayaonyeshi mahali yalipoingilia, kwa kuwa hutiririka mpaka penye bonde. Basi mashua na ipandishwe nchi kavu, ikaushwe nje, kisha itiwe maji ndani kidogo kidogo, yasije yakalemea mbao. Patakapotona, hasa maungioni na penye misumari, patiwe alama ya makaa. Hapo ndipo pa kupigwa kalafati ya pamba na mafuta. Kupigilia bati kwa kubahatisha ni kupoteza fedha, na pengine maisha ya wavuvi.