Programu za Simu Zimfuate Mchungaji

Wapo mabwana wa mijini ambao, kila programu ya simu inapokataliwa na wafugaji, husema kwamba watu wale ni wazito wa kufahamu. Lau wangefika Leparua, magharibi ya mji wa Isiolo, wangeliona mengine. Mchungaji yuko juani, fimbo mkononi, chaji ya simu ni ya kuhesabu na mtandao huja na kwenda. Ukimtaka aandike jina, nambari ya kitambulisho na neno la siri kabla hujamwonyesha penye majani, umekwisha kumpoteza.

Swali lake la kwanza ni malisho. La pili ni maji, na la tatu, ambalo mabwana wetu hulisahau kabisa, ni ruhusa ya wazee wa mahali hapo. Programu nayo haina budi kushika mpango huo huo.

Mfano tunao. AfriScout, iliyoanzishwa na shirika la Kimarekani la PCI, haikutegemea mitambo peke yake. Wafugaji walieleza mipaka ya malisho yao ya jadi, na picha za setilaiti zikawekwa juu ya ramani hizo. Hata M-Pesa, ilipojaribiwa mwaka 2005, ilikuwa ya kulipia mikopo midogo. Watu wakaigeuza, wakawa wanapelekeana fedha. Na Safaricom, kwa busara, ilipoifungulia umma Machi 2007 ikafuata walikotaka wao.

Sisi wa pwani tutalifahamu zaidi jambo la Wajir. Bima ya mifugo inayopima ukame kwa setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010. Kuipeleka kwa Waislamu wa Wajir kulizua swali lililotangulia bei: vipi kuhusu riba na gharari, yaani mapatano yenye kificho? Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ikaileta kwa njia ya takafuli, michango ikiingia katika mfuko wa kusaidiana. Setilaiti ni ile ile, ukame ni ule ule; mapatano ndiyo yaliyobadilika.

Kaskazini mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022. Katika siku kama zile, mchungaji anayeongozwa na simu mpaka penye rangi ya kijani, akakuta ni miiba mitupu, au wenyeji hawakuulizwa, hana nguvu za kuwarudisha ng'ombe alikotoka.